SOMO LA KIKUNDI: "Wataalamu Wamegundua..." – Tuipimeje Habari ya Uzazi?



Katika vikundi vyetu vingi kuna mume na mke ambao wamekaa miaka bila mtoto. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupatwa na shida hii wakati fulani maishani. Kwa hivyo si jambo la boma moja, wala si laana. Lakini mwenye shida hii akisikia redioni ati "wataalamu wamegundua njia mpya ya kupata mtoto", yuko tayari kuuza hata mbuzi wa mwisho. Leo tujifunze habari kama hizo hutoka wapi, na tuzipime namna gani kabla ya kutoa pesa.

Kongamano na muhtasari

Wataalamu wa uzazi hukutana kila mwaka kuelezana waliyoyaona katika kazi yao. Kongamano moja kubwa ni la chama cha Ulaya kiitwacho ESHRE, kilichoanzishwa mwaka 1985. Mwanzilishi wake mmoja alikuwa Robert Edwards wa Uingereza. Huyu ndiye ambaye, pamoja na wenzake, alifanya kazi iliyoleta mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa nje ya mwili wa mama, Louise Brown, aliyezaliwa mwaka 1978.

Huko mtu hasimami tu akaanza kuongea. Kwanza anapeleka muhtasari, yaani maelezo mafupi ya utafiti wake. Kongamano la ESHRE huwa katikati ya mwaka, na mihtasari hupelekwa miezi kadhaa mbele. Ukichelewa, mlango umefungwa.

Muhtasari lazima ujibu mambo haya:

1. Tuliuliza swali gani?
2. Jibu kwa kifupi ni nini?
3. Ni nini kilichojulikana tayari?
4. Utafiti ulifanywa vipi, kwa muda gani, na kwa watu wangapi?
5. Matokeo ni nini, na je, yaweza kuwa ni bahati tu?
6. Utafiti una udhaifu gani?
7. Una maana gani kwa watu wengine?

Hebu tuangalie namba 6 vizuri. Mwuza dawa sokoni hakuambii kasoro ya dawa yake. Mtafiti analazimika kuitaja mwenyewe, kwa maandishi.

Baada ya hapo wataalamu wengine husoma mihtasari na kuipa alama, bila kuonyeshwa majina ya walioandika. Hii ni ili mtu asipendelewe kwa sababu ni mkubwa au ni rafiki. Mingine hukataliwa. Inayokubaliwa, mwenyewe huitwa kuongea mbele ya watu, au kubandika bango na kusimama kando yake akijibu maswali.

Lakini tusisahau: waliotoa alama waliona muhtasari tu, hawakuona kazi yote. Mwaka 2018 shirika la Cochrane lilikusanya habari za mihtasari zaidi ya 300,000 ya makongamano ya afya. Liliona kwamba karibu 37 tu kati ya kila 100 ndiyo iliyokuja kuchapishwa kama ripoti kamili. Muhtasari ni kama mche kwenye kitalu. Haujawa mti wa kuzaa matunda.

Mfano wa kweli

Mwaka 2003 madaktari wa Israeli walitoa ripoti ya wanawake 134 waliokuwa wakitibiwa ili mimba itungwe nje ya mwili. Wengine walikwaruzwa kidogo ndani ya tumbo la uzazi kabla ya matibabu. Hao waliokwaruzwa walipata watoto karibu mara mbili ya wenzao. Habari ikaenea, na kliniki nyingi za nchi za nje zikaanza kufanya hivyo. Wanawake wakavumilia maumivu, na wengi wakalipa pesa.

Baadaye watafiti wengine wakapima jambo hilo kwa wanawake 1,364 katika nchi tano. Nani akwaruzwe na nani asikwaruzwe liliamuliwa kama kwa kura. Matokeo yalielezwa kwenye kongamano la ESHRE huko Barcelona mwaka 2018, na ripoti kamili ikachapishwa mwaka 2019. Waliokwaruzwa, karibu 26 kati ya 100 walipata mtoto. Wasiokwaruzwa, vilevile karibu 26 kati ya 100. Hapakuwa na tofauti!

Jifunzeni mawili hapa. Kwanza, idadi ndogo ya watu yaweza kudanganya. Pili, lazima kuwe na kikundi cha kulinganisha nacho, kwa maana wengine hupata mimba hata bila dawa hiyo.

Tufanye nini?

Mtu akileta habari ya dawa ya uzazi, awe jirani au mchuuzi, mwulizeni: Ilijaribiwa kwa watu wangapi? Ililinganishwa na nini? Waliopata mtoto ni wangapi, na si mimba tu? Udhaifu wake ni upi? Asipojibu, pesa zibaki mfukoni.

Mume na mke wakijaribu mwaka mzima bila mimba, waende hospitali wote wawili. Mke akipita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi 6. Baba asimtume mama peke yake, kwa sababu mara nyingi shida hutoka upande wa mwanamume, na kupima mbegu zake ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mama. Tena magonjwa kama kisonono na klamidia yatibiwe mapema, maana yakiachwa huziba mirija ya uzazi. Ni mama wangapi wamefukuzwa kwao bila mume kupimwa hata siku moja?

Maswali ya kujadili

1. Ni habari gani ya dawa ya uzazi imepita kijijini mwetu? Ijaribuni kwa yale mambo saba.
2. Kwa nini mama ndiye hulaumiwa kwanza? Kikundi kitamsaidiaje?
3. Andikeni muhtasari wa kazi moja ya kikundi, kama kuku au shamba, kwa kufuata mambo hayo saba. Msiache namba 6.