Amplifaya Inapolegea: Mwongozo kwa Watunza Vyombo vya Sauti, Misungwi

Kijitabu hiki ni cha wanaoshika vyombo vya sauti vya jumuiya: kanisani, msikitini, kwenye mikutano ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) msimu wa pamba, na kwenye viwanja vya ngoma ambako vyama vya wachezaji vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno. Iwe Usagara, Misasi au Mbarika, lalamiko hufanana: mwaka jana ilisikika kijiji kizima, sasa imelegea. Kabla hujashika bisibisi, kagua nje ya amplifaya. Nguvu nyingi hupotelea huko.

Sikiliza kwanza

Ongeza sauti taratibu. Ikibaki ndogo lakini safi hata kitufe kikifika mwisho, amplifaya haijakosa nguvu. Haipati cha kukuza. Badilisha kebo ya maiki, kisha jaribu kwa muziki wa simu. Lakini ikianza kukwaruza mapema, na taa yake inafifia kila ngoma inapodunda, hapo umeme ni haba.

Sikio nalo lina hesabu zake. Wati 100 zikishuka hadi 50, wengi watasikia tofauti ndogo tu. Ili sauti isikike kama nusu ya ilivyokuwa, nguvu huwa imeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mzee wa kanisa akisema sauti imepungua nusu, usihangaike na kasoro ndogondogo: kuna kitu kimekatika, kimeungua au kimenyimwa umeme. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofanya kununua amplifaya yenye wati mara mbili kuwa hasara, kama tatizo lilikuwa waya.

Umeme unaoingia

Amplifaya zenye transfoma nzito hutegemea volti za laini moja kwa moja. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukishuka hadi 180, kama inavyoweza kutokea mwisho wa laini ndefu saa za jioni, amplifaya ya wati 100 hubaki na takriban wati 61, kwa sababu nguvu hufuata mraba wa volti. Kipimo cha kwenye soketi mwachie fundi umeme, na mwambie apime muziki ukiwa unapigwa. Soketi isiyobebeshwa mzigo inaweza kuonyesha volti nzuri kabisa.

Kwenye betri mambo ni makali zaidi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, ikisoma 12.2 imebaki takriban nusu. Hata hivyo, betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.6 asubuhi na kuporomoka chini ya 11 mara honi zinapoanza kulia. Ipime chini ya mzigo.

Halafu tazama waya. Wengi huchukua ule wa milimita za mraba 1.5, wa kufungia taa za nyumba, kwa kuwa upo na ni rahisi. Betri ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Amplifaya ikivuta ampia 20, waya huo unakula takriban volti 2.4. Kwenye laini ya volti 230 usingeona tofauti. Kwenye betri, karibu theluthi moja ya nguvu ya sauti imepotea, na waya unapata joto. Uguse: ukiwa wa moto, jibu umelipata. Waya wa milimita za mraba 6 hupoteza karibu volti 0.6 tu. Bora zaidi, sogeza betri. Vichwa vyake visafishwe na kukazwa. Ile chumvi ya kijani au nyeupe nayo hula volti.

Fyuzi ikikatika mara mbili, usiifunge kwa waya. Inakuonya.

Honi na joto

Spika nne za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa omu 4 itajizima au itaunguza transista zake. Kwa mfumo wa honi wa laini ya volti 100, jumlisha wati zilizochaguliwa kwenye transfoma za honi: honi sita za wati 30 ni wati 180, na amplifaya ya wati 120 haiziwezi. Tenganisha honi zote, kisha uzirudishe moja moja ukiwa umezima. Ile inayozilegeza nyingine utaijua.

Amplifaya ikilegea baada ya nusu saa na kurudi ikipoa, shuku joto. Vumbi la kiangazi huziba feni, na kitambaa cha mapambo kikitandikwa juu ya amplifaya humaliza kazi. Kiondoe, hata kama kamati ya mapambo itanuna.

Ukifika kwa fundi

Kama umeme, waya na honi ni vizima, usifungue mwenyewe. Kondensa za ndani huweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Mpelekee fundi redio karatasi yenye volti zilizopimwa wakati muziki unapigwa, idadi ya honi na omu au wati zake, na muda uliopita kabla ya sauti kulegea. Nenda na kebo na waya uleule wa betri mnaotumia, ili aijaribu amplifaya ikiwa imefungwa kama ilivyokuwa uwanjani.