Somo la Motokaa: Petroli, Okteni na Dawa za Chupa

Mtu aendeshaye motokaa kutoka Embu hata Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, na njiani hushuka katika mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, kisha hupanda tena. Katika kupanda huko, gari likiwa na mzigo mzito na dereva amechelewa kubadili gia, mara nyingine husikika sauti ya kugonga ndani ya injini, kama kokoto zinazotikiswa katika kopo. Madereva wengi huizoea sauti hiyo. Wengine hununua chupa ndogo ya dawa ya kuongeza okteni na kuimimina katika tangi, wakidhani ya kuwa wameiponya injini. Somo la leo litaeleza sauti hiyo yatoka wapi, namba ya okteni maana yake nini, na ni nani apasaye kununua dawa ile.

KUGONGA NI NINI

Ndani ya silinda, pistoni hushindilia mchanganyiko wa hewa na petroli. Katika injini nyingi za siku hizi, mchanganyiko uliojaa vikombe kumi hushindiliwa hata ukaenea katika kikombe kimoja. Ndipo plagi hutoa cheche, na moto huenea kwa utaratibu ukiisukuma pistoni chini. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto. Kila aliyejaza upepo katika gurudumu la baiskeli amekwisha kuona jinsi bomba linavyopata moto mkononi. Ikiwa petroli haina uvumilivu wa kutosha, ile sehemu ambayo moto wa cheche haujaifikia huwaka yenyewe kwa ghafula. Pigo la kuwaka huko ndilo linalosikika.

Kugonga kidogo kwa nukta chache hakuleti hasara. Kugonga kwa nguvu, kilima baada ya kilima, huichoma gasketi ya silinda, huvunja ringi, na mwisho huweza kuitoboa pistoni. Hapo fundi hana budi kuifungua injini yote, na mwenye gari hupoteza mapato ya siku nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

NAMBA YA OKTENI

Namba ya okteni ni kipimo cha uvumilivu wa petroli. Wataalamu walichagua vimiminiko viwili: kimoja kiitwacho isooktani, kisichogonga upesi, wakakipa namba 100, na cha pili kiitwacho heptani, kigongacho upesi sana, wakakipa namba 0. Petroli ikiitwa ya 95, maana yake yastahimili sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za kile cha kwanza na sehemu 5 za cha pili.

Basi tufahamu vema ya kuwa namba hiyo si kipimo cha nguvu. Gari lililoundwa kwa petroli ya kawaida halipati mbio zaidi kwa kunyweshwa petroli ya namba kubwa, wala kwa kutiwa dawa ya chupa.

MLIMANI NA PWANI

Mji wa Embu uko kiasi cha mita 1,350 juu ya bahari, na Meru kiasi cha mita 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi. Mjini Meru mgandamizo wake umepungua karibu sehemu moja katika sita kuliko ule wa Mombasa. Kwa hiyo injini ya kawaida huvuta hewa haba zaidi, hupungukiwa na nguvu kidogo, lakini pia haigongi upesi. Gari lililo kimya Meru laweza kugonga likifika Mombasa kwenye hewa nzito na joto kali. Dereva asishangae.

Magari yenye turbo hayapati nafuu hiyo yote, kwa sababu turbo huisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Baadhi ya Subaru za turbo zinazoletwa kutoka Japani ziliundwa kwa petroli bora ya huko, ambayo namba yake kwa kawaida ni karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki namba hiyo. Wenye magari ya namna hii ndio wenye haja ya kweli ya kutafuta petroli ya namba kubwa zaidi, au dawa ya kuiongeza.

DAWA ZENYEWE

Dawa ya kwanza iliyojulikana sana ilikuwa risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika General Motors ya Marekani, aligundua ya kuwa risasi kidogo katika petroli huzuia kugonga. Lakini risasi ni sumu, nayo hudhuru akili za watoto. Kenya iliacha petroli ya risasi kufikia mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari, iliacha mwaka 2021.

Dawa za leo nyingi zina manganizi au chuma, nazo zikizidi huacha uchafu mwekundu juu ya plagi. Nyingine zina pombe ya spiriti, ambayo huvumilia sana. Katika miaka ya 1980 Kenya ilichanganya petroli na spiriti ya miwa kutoka Muhoroni. Mnunuzi na asome chupa kwa uangalifu. Ikiandikwa ya kuwa huongeza "pointi 30", mara nyingi pointi 10 ni sawa na namba moja tu. Petroli ya 93 itakuwa 96, wala si 123.

MAFUTA YA TAA

Adui mkubwa wa injini ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo okteni yake ni ndogo sana. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuondoa tamaa ya wachanganyaji. Na hatari haiko katika gari peke yake: petroli ikiingia katika mafuta ya taa, taa au jiko laweza kulipuka na kuunguza watu nyumbani.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kifuniko cha tangi, ujue namba inayotakiwa.

2. Injini ikigonga kilimani, punguza mafuta mguuni na uingize gia ya chini.

3. Ikiendelea, mwambie fundi atazame maji ya rejeta, plagi, majira ya cheche na masizi ndani ya silinda.

4. Ikiwa ilianza kugonga mara baada ya kujaza tangi, ishuku petroli hiyo, ubadili kituo, na kutoa habari kwa Mamlaka ya Nishati na Petroli, EPRA.

5. Chupa ya dawa iwe ya mwisho, na kwa gari lililoundwa kwa namba kubwa tu. Fedha ya chupa nyingi yatosha kununua plagi mpya.