Namna ya Kufasiri Majina ya Mitambo ya Barabara

Twapenda kuwaeleza machifu, walimu na wasomaji wengine jambo linalowapata wengi wanapotakiwa kuwafasiria watu maneno ya wajenzi wa barabara. Mengi katika maneno hayo ni majina ya utani ya Kiingereza. Mwenye kuyafuata neno kwa neno hupotea, na wanaomsikiliza hupotea pamoja naye.

Chukueni katapila. Ni jina la kampuni ya Marekani iliyoundwa mwaka 1925, na maana yake ni kiwavi, kwa kuwa mtambo huo hutambaa juu ya minyororo ya chuma badala ya magurudumu. Lakini mkitangaza ya kwamba kesho kiwavi kitapita, watu watakimbilia mahindi yao, wala hawatawaondoa watoto njiani. Jina katapila limekwisha kuzoewa, liacheni. Vivyo hivyo greda. Na kijiko, mtambo wa kuchimba na kupakia udongo, twaona ni jina zuri kupita yote, maana limetoka jikoni na kila mtu huiona kazi yake.

Iko rola ambayo Waingereza huiita mguu wa kondoo. Hapa tafsiri ya neno kwa neno haina madhara, ila haitoshi. Ni gurudumu pana la chuma, mfano wa pipa, lenye vinundu vingi. Vinundu huzama katika udongo uliomwagwa, vikashindilia chini kwanza. Kila rola ipitapo tena udongo hukaza na vinundu hupanda, hata mwisho hutembea juu. Yafaa kwa udongo wa mfinyanzi, haifai kwa mchanga mtupu. Sisi twapendelea kusema rola ya vinundu, kisha kueleza kazi yake.

Neno baya kuliko yote si la mtambo, bali la mahali mitambo inapochimba. Waingereza husema shimo la kuazima, yaani mahali panapochukuliwa udongo wa kujazia barabara. Udongo huo haurudishwi! Mzee akisomewa ya kwamba shambani mwake utaazimwa udongo, atatia dole gumba huku akitumaini kurudishiwa. Mfasiri na aandike shimo la kuchimba kifusi. Tena aulize, kabla mtu hajatia sahihi, shimo litakuwa na kina gani, nani atakayelisawazisha, na malipo ya shamba ni kiasi gani.