Nyumba haina soketi ya simu, intaneti itaingilia wapi?

SWALI: Nimepanga nyumba Nyarutarama, Kigali. Nimekagua kuta zote, sioni soketi ya simu. Intaneti nitaiunganisha wapi?

JIBU: Acha kuta, toka nje utazame nguzo. Siku hizi intaneti ya kasi Kigali huja kwa faiba, waya unaobeba data kwa mwanga, na kampuni kama CanalBox na Liquid huivuta kutoka kwenye nguzo hadi ndani. Soketi ya simu haihusiki. Fundi hutoboa tundu dogo ukutani, hupitisha waya mwembamba na kuuchomeka kwenye kisanduku kinachopokea mwanga. Mwenye nyumba aombwe ruhusa kwanza, ukuta ni wake.

Siku fundi anapokuja usiende kazini. Mafundi wengi hupenda kufunga kisanduku pale pale waya ulipoingilia, kwa kawaida pembeni kabisa. Wewe ng'ang'ania kiwekwe sebuleni, katikati ya nyumba, maana kuta nene hula Wi-Fi. Na waya usikunjwe kwenye kona kali: ndani yake ni kioo.

Faiba haijafika mtaani kwako? Rauta ya laini ya 4G itakufaa kwa kuanzia. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Rwanda 2023, inataka anga wazi, kwa hiyo chunguza kwanza miti ya jirani.