Leso Husomwa, Haitazamwi Tu

Je, umewahi kusoma leso? Usicheke. Mimi nilidhani leso ni ya kuvaliwa tu, hadi likizo ya Agosti iliponifunza adabu.

Mama aliugua, na jirani yetu akakesha naye usiku tatu. Alipopona, mama alinituma barabara ya Biashara, hapa Mombasa, nimnunulie jirani doti ya leso. Nikachagua yenye mawaridi mekundu, nikarudi mbio kama niliyeshinda mtihani. Mama akaikunjua, akanyamaza. Kisha akasema, "Maua mazuri, mwanangu. Lakini jina umesoma?"

Jina lilikuwa: "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe." Lo! Yaani wa kufa nawe ni ndugu wa damu peke yake. Na hayo ndiyo tungempelekea jirani aliyekesha kitandani kwa mama!

Hapo ndipo nilipopata somo. Leso ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni yale maandishi, aghalabu methali au fumbo. Maua, pamoja na lile umbo lililopinda tuliitalo korosho, hukaa kwenye pindo na mji.

Kwa nini maua, si sura za watu? Waswahili wengi ni Waislamu, na sanaa yao tangu zamani huepuka kuchora viumbe vyenye roho. Ndiyo maana hata milango ya kuchongwa ya Lamu imejaa maua na majani. Tena maua ni furaha: bibi harusi wa Pwani hupambwa kwa asumini, na kikuba cha asumini na mrehani hunukia kifuani. Basi ua kwenye leso hunena mapenzi, lakini jina laweza kuyakana.

Kesho yake nilirudi dukani. Muuzaji alicheka, akanibadilishia. Mawaridi yale yale, ila jina sasa: "Wema hauozi." Jirani alipoipokea, alisoma jina kwanza, ndipo akatabasamu.

Zoezi: sisi wa shule ya kutwa tuna bahati, jioni tuko nyumbani. Leo omba ruhusa, ufungue sanduku la mama au nyanya. Tazama pindo, tazama mji, kisha soma jina. Je, maua na maneno yanapatana? Muulize aliipewa na nani.