Wembe wa Dukani: Jinsi na Jinsia Katika Sheria za Afya

Muhula huu Chama chetu cha Kiswahili kilijadili maneno mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: jinsi na jinsia. Wenzetu wa Kidato cha Pili walishikilia kwamba ni kitu kimoja. La hasha! Jinsi ni maumbile ya mwili: mwanamke hubeba mimba, mwanamume habebi. Jinsia ni yale ambayo jamii humtwika mtu kwa sababu ya maumbile hayo: nani apike, nani akae barazani, nani ashike pesa. Anayetunga sheria ya afya akiona la kwanza tu, mambo humharibikia. Mfano tunao papa hapa mlimani.

Mwaka wa 1929 wamishonari wa Kiskoti, wakiwemo wale wa Tumutumu karibu na Karatina, waliwataka waumini wao waikane tohara ya wasichana. Madaktari wao walikuwa wameona taabu za akina mama wakati wa kujifungua, na hapo walisema kweli. Lakini kwa msichana wa siku hizo, tohara ndiyo iliyokuwa mlango wa kuitwa mtu mzima na kuolewa. Hilo hawakulipatia jibu. Waumini wengi walihama kanisa, na shule za kujitegemea zikaenea.

Sasa twende Meru. Mwezi wa Aprili 1956, wakati wa Hali ya Hatari, Njuri Ncheke ilipiga marufuku tohara hiyo. Njuri Ncheke ni baraza la wazee, na wazee wenyewe ni wanaume watupu. Tohara ya wasichana ilikuwa shughuli ya akina mama tangu hapo, ila hakuna mama aliyeketi kwenye baraza kupitisha uamuzi huo. Basi kilitokea nini? Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakatahiriana wao kwa wao! Waliitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, akina mama na hata akina baba, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Amri iliyokusudiwa kulinda afya ikamwacha msichana kichakani na wembe mkononi.

Msinielewe vibaya. Ukeketaji ni madhara matupu, na sioni wa kuutetea. Ninachouliza ni namna ya kuukomesha.

Mwaka wa 1996, huko Gatunga, Tharaka, akina mama wa Maendeleo ya Wanawake walisaidia kuanzisha Ntanira na Mugambo, yaani "kutahiri kwa maneno". Msichana alitengwa na kufunzwa, kisha akasherehekewa kama kawaida, ila bila kukatwa. Hapo jinsia ilikumbukwa.

Ikumbukwe pia sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji. Anayekeketa hufungwa miaka isiyopungua 3, au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili. Kuna kifungu kingine ambacho wengi hawakijui, na mimi ndicho kinachonipendeza zaidi: kumdhihaki mwanamke kwa kuwa hakukeketwa ni kosa, na mwenye kosa hufungwa miezi isiyopungua 6 au hutozwa shilingi zisizopungua 50,000. Aliyekiandika alijua kwamba wembe hutanguliwa na kejeli za mtoni na sokoni.

Mwaka wa 2017 daktari mmoja, Tatu Kamau, alienda mahakamani akidai mwanamke mzima aachwe ajiamulie. Mahakama Kuu iliikataa kesi hiyo Machi 2021. Mdahalo wetu juu ya kesi hii ulikuwa mkali, mpaka kengele ya chakula ikatukatiza!

Tukikutana tena tutachambua sheria ya 2017 ya kuwapa wasichana wa shule sodo za bure. Wavulana nanyi mje, maana tutagusa pia Sheria ya Ajira ya 2007. Inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 na baba wiki 2, na nataka kusikia kama mnaona zinatosha.