Ujumbe Unaokuharakisha

Tarehe 22 Agosti 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, kijiji kidogo katika Delta ya Tana. Mwezi uliofuata zamu ikawa ya Chamwanamuma na Kilelengwani, na mwaka haujaisha Kipao nayo ikashambuliwa. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa siku nyingi, shamba la mkulima kando ya mto na njia ya mifugo kuteremkia maji. Watafiti waliofika baadaye waliona pia kilichokuwa kikiupepea moto huo: uvumi. Watu waliamini kwamba upande wa pili unajiandaa kuvamia, basi nao wakajiandaa, na maandalizi yao yakawa ushahidi kwa wenzao.

Kutokana na hayo shirika la Sentinel Project la Kanada, pamoja na iHub Research ya Nairobi, lilianzisha Delta huduma iliyoitwa Una Hakika. Jina lenyewe ni swali. Mkazi aliyesikia jambo la kutisha alituma ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kabambe, au alimwambia mjumbe wa kujitolea kijijini mwake. Wahudumu wa Una Hakika walipima uvumi upi una hatari zaidi, wakauliza watu wanaoaminika walio karibu na tukio, kisha wakawarudishia wakazi jibu kwa lugha ya utulivu isiyolaumu kabila lolote. Uvumi ukiwa wa uongo walisema ni uongo, na ukiwa na ukweli ndani yake walisema ukweli uko wapi.

Nayarudia haya kwa sababu sisi wa Garsen, Minjila, Hola na Kipini hatuhitaji kwenda mbali kutafuta kinga ya uhalifu wa mitandaoni. Ilijaribiwa hapa hapa. Uvumi wa vita na ujumbe wa tapeli wa pesa hufanya kazi kwa namna moja: unakutia hofu au tamaa, halafu unakunyima muda wa kuuliza. Mto unapofurika na barabara kukatika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023, simu ndiyo inayobaki kutuunganisha, na ndipo neno la uongo linapopita kwa urahisi zaidi.

Tuanze na uvumi. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, iHub Research ilikuwa na mradi mwingine, Umati, uliofuatilia maneno ya chuki mitandaoni. Sehemu kubwa kabisa waliikuta Facebook, na waandishi wengi hawakuwa wamejificha. Walitumia majina yanayotambulika. Kwa hiyo usimngoje adui wa mbali. Anayekuletea sauti ya WhatsApp yenye sumu huenda ni shemeji yako, tena kwa nia njema ya kukutahadharisha. Umati uliegemea kipimo cha mtafiti Susan Benesch, ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia akiwa amekaa chini ya mwembe: nani anasema, anawaambia akina nani, anasema nini, katika hali gani ya wakati huo, na kwa njia ipi. Ukisikia watu wakiitwa wadudu au nyoka, au ukiambiwa kwamba wao wasipowahiwa watatuwahi sisi, jua umefika kwenye maneno yanayotangulia damu. Usiyapeleke mbele, hata kwa kuuliza kama ni kweli, maana swali lako kwenye kundi la watu 200 linazidi kuyaeneza. Mpigie mtu mmoja aliye mahali penyewe. Mwulize ameona nini kwa macho yake, na lini. Kisha mjulishe chifu au mzee wa kijiji.

Hapa nina langu la kusema. Lugha zilizofuatiliwa na Umati zilikuwa zile zenye wasemaji wengi nchini. Kipokomo na Kiorma hazikuwamo. Yanayosemwa kwa lugha zetu hakuna wa nje atakayeyachuja. Ni sisi tunaoyaelewa, na msimamizi wa kundi anayefuta ujumbe mbaya saa tano za usiku anafanya kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya.

Sasa pesa. Chukua mfano wa mzee aliyetoka kuuza mbuzi sokoni Garsen. Simu inalia, ujumbe unasema amepokea shilingi 6,500. Dakika haijaisha, anapigiwa: “Mzee wangu, shikamoo. Nimekosea namba, hizo ni za dawa ya mama yuko hospitali. Nirudishie tafadhali, hata ukitoa ya soda.” Sauti ina adabu na ina kilio. Mzee anatuma. Ujumbe ule haukutoka M-PESA. Uliandikwa na mtu kwenye simu yake, na pesa iliyoondoka ni ya mbuzi.

Tazama juu ya ujumbe kabla ya kusoma kiasi. Ujumbe wa kweli unaonyesha jina MPESA, si namba ya mtu, na huanza na msimbo wa herufi na tarakimu. Hata ukionekana sawa, angalia salio kwa *334#. Na ikiwa pesa imeingia kweli kwa makosa, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea apeleke ujumbe wake wa M-PESA kwa 456, Safaricom washughulikie. Yuko tapeli anayetuma pesa halisi, akaomba umrudishie, kisha akaomba na Safaricom waufute ule muamala wa kwanza, akalipwa mara mbili. Namba hiyo ya 456 ni yako pia ukikosea wewe. Itumie papo hapo, kabla pesa haijatolewa kwa wakala.

Anayejitambulisha kuwa ni wa Safaricom na hapigi kutoka 0722 000 000, kata simu. Hata akipiga kutoka hiyo, nambari yako ya siri haimhusu. Ujumbe wa kitapeli, ukiwemo ule wa “pesa tuma kwa hii namba”, upeleke kwa 333 bila malipo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako; ukikuta usiyoijua, ikatae. Ili mtu asibadilishe laini yako kwa siri na kuhamishia namba yako kwake, kuna *100*100#. Ukiona simu imepoteza mtandao ghafla ilhali jirani anao, usiseme ni mawingu. Azima simu uipigie kampuni.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inamwadhibu anayejifanya mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka mitatu, na anayewalaghai watu watoe siri zao kwa faini isiyozidi 300,000 au miaka hiyo hiyo mitatu. Maneno ya chuki ya kikabila yana sheria yake ya 2008: faini hadi shilingi milioni moja au miaka mitatu jela.

Wengi wetu tukitapeliwa tunanyamaza kwa aibu, hasa mwalimu au mtu mzima aliyeheshimika. Aibu hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Wapelelezi wa DCI wana laini isiyolipiwa, 0800 722 203. Kituo cha polisi nenda na simu yenyewe, na usifute kitu, hata ujumbe unaokuumiza kuusoma. Omba namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na uiandike kwenye karatasi, pamoja na namba ya tapeli, saa aliyopiga na msimbo wa muamala. Simu inaweza kuishiwa chaji njiani kabla hujafika.